Kabla fundi hajachomeka flashi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, watu wengi wanaleta laptopu zao "zipigwe Windows" mpya, yaani ya zamani ifutwe na nyingine iwekwe. Kazi yenyewe si kubwa. Ukiwa na flashi nzuri na mashine yenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), ndani ya saa moja umemaliza. Kilio huja jioni, mwenye kompyuta anapoiwasha, anaifurahia ilivyo nyepesi, kisha anauliza: "Fundi, ile folda yangu ya deskitopu iko wapi?"

Kwa hiyo nikipigiwa simu na mtu anayetaka kuja kesho, humwomba aje keshokutwa. Siku ya katikati ina kazi zake.

Aanze kwa kujua kama mashine yake inaipokea Windows 11. Masharti ni RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, UEFI (programu inayoiamsha kompyuta) yenye Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, toleo utaliona hapo. Kwa Intel, prosesa zinazokubaliwa kwa kawaida zinaanzia kizazi cha 8, na hapo ndipo laptopu nyingi za mtumba zinapokwama. Njia za kuyakwepa masharti hayo zipo na mafundi wanazijua, ila mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma Microsoft haiahidi kuiletea masasisho. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Kama kazi yake ni barua, intaneti na filamu, mimi humshauri Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na wengi hawajarudi kulalamika.

Sasa twende kwenye mali yenyewe. Mtu akiambiwa ahifadhi vitu vyake, atanakili Documents na Pictures, basi. Lakini faili za kazi hazikai zote humo. Programu nyingi za uhasibu na za mauzo ya duka huweka data ndani ya folda ya programu yenyewe, kwenye C, mahali ambapo mwenye duka hajawahi kufika. Anayetumia QuickBooks atafute faili la kampuni, lile linaloishia na .qbw, au atengeneze nakala kutoka ndani ya programu, ambayo itaishia na .qbb. Anayesoma barua pepe kwa Outlook ya zamani ana faili za .pst. Mwanafunzi wa programu aliyeweka XAMPP (seva ya kujaribia tovuti kwenye kompyuta yake) anakumbuka folda ya kurasa zake, htdocs, na kuisahau hifadhidata, ambayo iko kwenye folda nyingine kabisa. Ukiwa huna hakika, fungua programu husika, tafuta menyu ya kuhifadhi nakala, uone inakupeleka folda gani.

Halafu kuna kosa la njia za mkato, ambalo limewaliza watu wazima. Mwalimu mmoja aliniletea flashi yenye "mitihani yote ya miaka minne". Nilipoifungua, kila kitu kilikuwa na ukubwa wa KB 2. Alikuwa amenakili vile vialama vya deskitopu vyenye mshale mdogo pembeni. Vialama hivyo vinaonyesha tu faili lilipo, na mafaili yenyewe yalikuwa bado kwenye mashine. Bahati yake nilikuwa sijafuta kitu. Ukiona folda ya miaka minne ina uzito wa picha moja ya simu, simama.

Jingine ni ile kauli ya "usijali, nitafuta C tu, D haitaguswa." Kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Diski ikifa, vyumba vyote vinakufa. Na hata ikiwa nzima, unapofika kwenye ukurasa wa kuchagua pa kuweka Windows, mara nyingi hukuti herufi C wala D. Unakuta namba za vipande na ukubwa wake. Fundi aliyechoka anaweza kufuta cha GB 200 akidhani ni cha GB 180. Andika ukubwa wa kila kipande kwenye karatasi kabla ya kuanza, na diski ya nje yenye nakala zako ichomolewe kabisa isije ikaonekana kwenye orodha ile. Kwenye SSD usijifariji kwamba kuna programu za kufufua faili. SSD hupewa taarifa kwamba nafasi fulani haina kazi tena, nayo huisafisha. Kinachoweza kuokolewa kwenye diski ya zamani inayozunguka, huku mara nyingi kimekwenda.

Nakala ziwe ngapi? Wenye kazi hii wana kanuni wanayoiita 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa mtu wa kawaida ni hivi tu: faili kwenye laptopu, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Google Drive inakupa GB 15 bila malipo, ambazo barua pepe na picha zako pia zinazitumia. Zinatosha vyeti, mikataba na hesabu. Video za harusi tafuta diski.

Ila usichanganye usawazishaji na nakala. Hifadhi inayosawazisha ukifuta faili hapa, inafuta na kule; kwenye Google Drive kilichofutwa kinakaa kapuni siku 30, kisha kinaondoka. Na alama ya wingu kwenye OneDrive maana yake faili liko mtandaoni tu, kwenye mashine hamna kitu cha kunakili hadi ulipakue.

Kampuni ya meli ya Maersk ililijua hilo kwa njia chungu. Juni 2017 iliposhambuliwa na NotPetya, programu haribifu inayoharibu data, seva zake zilizoshika orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, na hivyo zikafutika kwa pamoja. Iliyopona ni moja, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ilikuwa nje ya mtandao. (Sisi tunaolalamikia giza kila wiki tuchukue hiyo kama faraja.) Intaneti ya huko ilikuwa nyembamba mno kuituma data ile, na wafanyakazi hawakuwa na viza ya Uingereza, basi mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Ndipo kazi ya kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ilipowezekana, kwa siku 10.

Diski yako basi ichomolewe ikishamaliza kunakili. Na ukinunua flashi barabarani, flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana haipo. Zimechezewa zionyeshe ukubwa zisizo nao, na zikijaa kweli zinaandika juu ya vilivyotangulia bila kukuambia. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, ukweli ukajulikana. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuweka faili) nayo haipokei faili linalofikia GB 4, kwa hiyo diski ya nakala ifomatiwe kwa exFAT au NTFS.

Nakala ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine, si ile ile. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda, kisha fungua tano sita bila kuchagua: picha ya zamani, hesabu ya mwezi uliopita, PDF moja. Nakala ambayo haijafunguliwa sihesabu.

Zimebaki ndogondogo, ambazo zinachosha kuliko kubwa. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yahamishe kwenye akaunti au uyaandike. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, pata ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft, kabla hujagusa chochote kwenye BIOS (mipangilio ya kuiwashia mashine). Angalia kama Windows yako ni Home au Pro, maana leseni ya kidijitali hujirudisha yenyewe ukiweka aina ile ile. Pakua draiva ya Wi-Fi (programu inayoiwezesha Windows kuitumia) mapema uiweke kwenye flashi nyingine. Windows 11 huomba intaneti katikati ya kusakinisha, na bila draiva utabaki unaitazama. Faili la Windows lenyewe linazidi GB 5, lishushe usiku kwa bando la usiku, kutoka tovuti ya Microsoft, na flashi ya kusakinishia iwe GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokipenda. Betri ijae, chaja iwe ukutani.

Mashine ikishawaka upya na kila kitu kurudi mahali pake, usiifomati diski ya nakala hata kama shemeji anaiomba aweke tamthilia. Ikae mpaka mwisho wa mwezi upite. Ripoti ya mwezi hufunguliwa mara moja tu kwa mwezi, na ndiyo siku utakayogundua ulichosahau kurudisha.