Draivu ya flopi inapiga kelele? Anzia hapa

Kwanza sikiliza vizuri, maana si kila kelele ni ubovu. Ukiwasha mashine ikalia krr-krr mara moja halafu ikanyamaza, hapo BIOS (ile programu ya kuwashia kompyuta) inacheki tu kama draivu ipo, ikikukera ingia kwenye setapu uzime ile Floppy Seek, basi. Na kama ni Amiga, zile kompyuta za zamani, na haina disketi ndani, ile tik tik tik ni kawaida yake kabisa.

Ya kukwaruza ndo mbaya. Toa disketi fasta, sogeza kile kibati chake kwa kidole, ukiona kimepinda au ile sahani ya ndani ina michirizi ya duara usiirudishe tena, itachafua kichwa kinachosoma disketi, na kichwa kikichafuka kitakwangua disketi zako zingine zote. Zima umeme, fungua draivu, futa vichwa taratibu na pamba yenye spiriti kidogo, cha juu usikinyanyue kwa nguvu kinapinda hicho! Halafu cheki ule mhimili wenye nyuzi kama za skrubu unaosogeza kichwa, grisi ikishakauka ndo unalia, futa ya zamani upake mpya kiduchu. WD-40, yale mafuta ya kupuliza, hapana jamani. Ukimaliza jaribu na disketi usiyoihitaji.