Simu ya ruzuku ya sola? Kata kwanza

Jamani kuna hii ya kupigiwa simu unaambiwa umechaguliwa kupata ruzuku ya serikali, sijui sola ya bure sijui kubadilishiwa mfumo wa umeme nyumbani, halafu anayepiga ana haraka hatari, eti nafasi zinaisha leo. Kata. Ruzuku ya kweli kwa kawaida unaiomba mwenyewe, na ukiona unatakiwa ulipe "ada ya usajili" ndo upewe hela ya bure ujue hapo unapigwa. Namba ikitokea kama ya ofisi usiiamini pia, siku hizi wanaifeki kirahisi tu, we chukua namba iliyo kwenye bili yako upige uulize. Na ile namba ya siri ya uthibitisho inayoingia kwa meseji usimtajie mtu, hata kama anajua majina yako yote matatu.