Somo: Kukusanya data ya mkondo katika mafungu kwa lugha ya Go

Programu inayopokea vipimo vya mita za maji na kukiandika kila kimoja peke yake katika PostgreSQL hupoteza muda mwingi katika safari za kwenda na kurudi kwenye hifadhidata. Dawa yake ni kukusanya vipimo, tuseme 500, na kuviandika kwa mkupuo.

Hatua ya 1. Unda chaneli mbili (njia za kupitishia data kati ya sehemu za programu): ya kwanza ipitishe kipimo kimoja kimoja, ya pili mafungu. Hiyo ya pili ipe nafasi chache tu, ili hifadhidata ikizidiwa mkusanyaji alazimike kungoja, badala ya kumbukumbu kujaa kimyakimya.

Hatua ya 2. Gorutini (kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine) moja tu ndiyo ikusanye, na hapo kufuli la kuzuia kazi mbili kugusa data moja kwa pamoja halihitajiki. Fungu liondoke likifikisha vipimo 500, au sekunde 1 ikipita tangu kipimo cha kwanza kiingie. Zingatia hilo la kipimo cha kwanza: ukiweka `time.After` (saa ya kungoja) ndani ya `select` (inayosubiri chaneli kadhaa kwa pamoja) iliyo kwenye kitanzi, muda huanza kuhesabiwa upya kila kipimo kinapoingia, kwa hiyo vipimo vikija kila nusu sekunde, fungu litakaa zaidi ya dakika 4.

Hatua ya 3. Ukishatuma fungu, unda jipya kwa `make`. Usiandike `fungu = fungu[:0]`, kwa sababu slaisi hiyo (orodha ya Go) bado inatumia eneo lilelile la kumbukumbu, na mkusanyaji ataandika juu ya vipimo ambavyo gorutini ya kuandika haijamaliza kuvisoma. Mstari huo uliwahi kunila siku mbili nikisaka vipimo vilivyojirudia. `go run -race`, inayonasa gorutini zinazogongana kwenye kumbukumbu moja, ingenionyesha mapema.

Hatua ya 4. Chaneli ya kwanza ikifungwa, tuma masalio, ndipo ufunge ya pili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini fungu lisiwe la vipimo 20,000?

Jibu: PostgreSQL haipokei vigezo (thamani zinazopitishwa, moja kwa kila safu wima) zaidi ya 65,535 katika amri moja. Kipimo chenye safu wima 4 kitakufikisha 80,000, na amri itakataliwa. Kwa wingi huo tumia `COPY`, amri ya kupakia data kwa wingi.

Swali: Kipimo kimoja kikiwa kibovu, je, vingine 499 vinapotea?

Jibu: Amri moja ya `INSERT` huingia yote au haiingii kabisa. Mimi huligawa fungu nusu kwa nusu na kujaribu tena kila upande. Baada ya kugawa mara 9 hivi, kibovu hubaki peke yake, nacho hukiandika kwenye faili la makosa.