Namna ya kupunguza ngurumo ya barabara ndani ya gari dogo

Yeyote aliyewahi kuendesha Toyota IST kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro anaijua ngurumo ninayoizungumzia. Mjini haisumbui sana, lakini mwendo ukishafika kilomita 80 kwa saa sauti nzito huanza kuvuma chini ya kiti cha nyuma, nayo haikomi mpaka safari iishe, na abiria wa nyuma hulazimika kupaza sauti ili dereva awasikie. Gari la aina hii liliundwa liwe jepesi na la bei nafuu, na buti lake halina ukuta unaolitenga na chumba cha abiria, kwa hiyo kinachotokea kwenye magurudumu ya nyuma huingia ndani kikiwa kimepita katika bati jembamba na zulia tu. Kazi ya kulituliza nimeifanya mara mbili kwenye gari langu, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na tofauti ya mara hizo mbili haikuwa wingi wa vifaa, bali kujua kila kifaa kinazuia sauti ya namna gani.

Kelele ya barabara huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mtikisiko: tairi hugonga kokoto za lami, mtikisiko ukapanda kwenye shokapu na bodi, kisha bati la sakafu likatetemeka kama ngozi ya ngoma na kutoa sauti lenyewe. Njia ya pili ni hewa: mlio wa tairi husafiri hewani na kupenya kwenye mianya, kwenye raba za milango zilizochoka na kwenye mabati yasiyo na uzito wa kutosha kuuzuia. Mtikisiko hutulizwa na karatasi ya butili, ambayo ni mpira mzito unaonata wenye foili ya aluminiamu juu yake. Sauti ya hewani haijali sana butili. Huzuiwa na tabaka zito lisilo na mwanya, kama karatasi ya vinaili nzito, na mabaki yake hufyonzwa na nyenzo zenye nyuzinyuzi kama felti nene. Wengi hubandika butili gari zima, kisha wakashangaa kusikia tairi vilevile, kwa sababu wametibu njia moja na kuiacha nyingine wazi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba unachosikia si ubovu. Kagua tairi lako kwa jicho kwanza: ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililozeeka hukakamaa na kuunguruma hata kama kashata zake bado ni ndefu, na lililolika kwa mawimbi huvuma kama beringi mbovu. Beringi yenyewe hujitambulisha kwa kubadilika: ukiwa kwenye barabara iliyo wazi, mvumo ukiongezeka unapokata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili, mpelekee fundi gari hilo siku hiyohiyo, kwa maana hapo si suala la starehe tena. Raba za milango zipime kwa noti ya shilingi elfu moja: ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha uivute taratibu, na mahali inapotoka bila kushikwa ndipo upepo unapopita. Mwisho, chungulia ndani ya madigadi. Magari mengi yaliyotumika yamekwisha kupoteza zile plastiki za ndani ya madigadi, na kuzirudisha hupunguza mlio wa kokoto na maji kwa gharama ndogo kuliko kazi yote inayofuata.

Katika ununuzi, jihadhari zaidi na karatasi za lami zinazouzwa kwa sura ya butili. Zote zina foili inayong'aa, zote hunata, na dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Omba kipande kidogo, kibandike juu ya boneti la gari lililoegeshwa juani, urudi baada ya nusu saa. Kipande cha lami kitakuwa kimelegea, kitanuka kama barabara mpya, na ukikivuta kitaacha uji mweusi vidoleni. Cha butili kitakuwa laini lakini kitabaki mahali pake, na harufu yake ni ndogo. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, lami ndani ya mlango itateremka, na harufu yake itakaa garini kwa miezi. Butili ya unene wa milimita 2 inatosha. Kwa IST, mita nne za mraba zilinitosha sakafu, buti na milango yote minne, kwa sababu haihitajiki kufunika bati lote: ukifunika robo hadi nusu ya kila bati, katikati yake ambako hutetemeka zaidi, umepata sehemu kubwa ya faida, na kinachoongezwa baada ya hapo ni uzito na gharama. Vinaili nzito, ya takriban kilo 5 kwa mita ya mraba, nilitumia mita tatu za mraba. Jumla ya vyote ni pungufu ya kilo 30, mzigo ambao gari halitaulalamikia.

Sponji ya godoro usiitumie kabisa, hata kama fundi atakuambia ni ileile. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa zulia, ikayashikilia juu ya bati, na kutu huanza mahali usipopaona. Kwa tabaka la kutenganisha vinaili na bati tafuta povu lisilonyonya maji, kama lile la mikeka ya mazoezi. Litumbukize kipande kwenye ndoo usiku kucha, ulikamue asubuhi, na likitoa maji liache.

Siku ya kazi, egesha kivulini na utenganishe waya wa hasi wa betri, kisha subiri dakika 10 kabla ya kugusa viti, kwa kuwa chini yake mara nyingi hupita nyaya zenye plagi za njano ambazo ni za mikanda na mifuko ya hewa. Plagi hizo zichomoe kwa utulivu, na usizipime kwa taa wala mita. Baadhi ya redio zilizokuja na magari kutoka Japani hudai namba ya siri au kadi ya ramani umeme ukikatika, hivyo hakikisha unavyo kwanza. Fungua viti, ng'oa vizingiti vya plastiki vya milangoni kwa kifaa cha plastiki na si bisibisi, kisha kunja zulia. Klipu chache zitavunjika. Nunua za akiba mapema.

Bati likishakuwa wazi, ligonge kwa kifundo cha kidole kila baada ya sentimita 15 hivi. Mahali panapojibu kwa mlio mrefu wa bati tupu ndipo panapotaka butili. Panapojibu kwa kishindo kifupi kilichokufa pana tabaka la kiwandani tayari, na kubandika juu yake ni kupoteza karatasi. Katika gari langu sakafu ya mbele ilikuwa na tabaka hilo karibu kote, lakini bati linalozunguka tairi la akiba na mabega ya magurudumu ya nyuma, yaani mabati yaliyojipinda juu ya magurudumu hayo, yalilia kama sufuria. Weka alama kwa chaki, futa vumbi, kisha pangusa mafuta kwa spiriti nyeupe mpaka kitambaa kitoke safi. Vumbi jekundu la barabara zetu ni adui mkubwa wa gundi kuliko joto.

Kata butili vipande vya ukubwa wa daftari, kwa kuwa vipande vikubwa hunasa hewa na kukunjamana. Vaa glavu, kwani ukingo wa foili hukata ngozi bila mtu kujua mpaka aone damu. Toa karatasi ya nyuma, laza kipande kuanzia katikati, kisha kikandamize kwa rola ndogo ya mkono mpaka vijimistari vilivyochorwa kwenye foili vilainike na kupotea. Hapo ndipo kazi yote ilipo: kipande ambacho hakikukandamizwa kimelala juu ya hewa, na bati lililo chini yake linaendelea kutetemeka. Gonga tena ulipobandika, na utasikia mlio mrefu umegeuka kishindo kifupi. Pwani hutahitaji kupasha joto. Asubuhi za Njombe au Mbeya, pitisha kwanza mashine ya kukaushia nywele.

Anza na buti na mabega ya magurudumu ya nyuma, ndiko chimbuko la ngurumo ya gari la namna hii. Baada ya butili, tandaza povu na juu yake vinaili nzito kwa kipande kimoja ikiwezekana, na mahali vipande vinapokutana vipishane sentimita tano na kuzibwa kwa mkanda, kwa sababu mwanya mdogo hupitisha sauti nyingi kuliko ukubwa wake. Nafasi zilizobaki kati ya bega la gurudumu na plastiki ya pembeni zijaze felti bila kuishindilia. Kifuniko cha pampu ya mafuta kilicho chini ya kiti cha nyuma kiache wazi, vivyo hivyo matundu ya boliti na vizibo vya raba vya sakafuni.

Milangoni ndipo nilipojifunza kwa gharama. Mara ya kwanza niliikabidhi kazi hiyo kwa gareji moja, nao wakabandika butili mpaka ukingo wa chini, wakaziba vijitundu vya kutolea maji. Masika yalipoanza, kila nilipofunga mlango nilisikia maji yakichezacheza ndani kama ndani ya dumu, na nilipofungua jalada la ndani la mlango nilikuta kutu imekwisha kuanza kwenye mshono. Kwa hiyo acha sentimita tano za chini bila kitu, na hakikisha kijiti cha kiberiti kinapita katika kila kitundu. Bandika bati la nje kupitia uwazi wa mlango, ukichagua sehemu pana isiyo na mbavu, na kabla ya kufunga pandisha na kushusha kioo mara kadhaa uone kwamba hakigusi chochote. Ile nailoni iliyo nyuma ya jalada irudishe bila tundu, kwani inazuia maji yasiingie ndani na inaziba sauti pia. Ikiwa imechanika, kata nyingine. Ukifunga mlango uliofanyiwa kazi vizuri, sauti yake itakuwa imeshuka na kuwa nzito.

Paa hufaidi zaidi wakati wa mvua, na kwa ngurumo ya tairi halibadilishi mengi. Ukilifanyia kazi, tumia butili chache, na nguzo zenye mapazia ya hewa, yaani mifuko ya hewa ya pembeni, usiziguse kabisa. Karibu na ekzosi, kwa upande wa nje, usibandike chochote.

Rudisha viti kwa kukaza boliti kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, unganisha plagi zote, na betri iwe ya mwisho. Taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka kuna plagi uliyoisahau.

Upime kelele kwa programu ya simu kabla na baada, kwenye kipande kilekile cha barabara, mwendo uleule, vioo vimefungwa na feni imezimwa, simu ikiwa mahali pamoja. Programu za simu si sahihi kwa namba yenyewe, lakini zinafaa kulinganisha. Kupungua kwa desibeli 3 kunasikika, na ili sikio lione kelele imekuwa nusu huhitajika takriban 10, ambazo kwa vifaa hivi usizitarajie. Kwangu zilipungua 4 kwenye lami ya kokoto, na mama yangu, ambaye hukaa nyuma, aliongea nami kwa sauti ya kawaida tangu Chalinze hadi Morogoro. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, inua zulia pande zote nne na upapase bati kwa kiganja. Likiwa na unyevu, tafuta maji yanakopita kabla hujalirudisha.