Poni Mgonjwa Aliyetelekezwa: Karatasi Ipi Kwanza, Ipi Baadaye

Kinachokwamisha maombi mengi ya kumtafutia makao poni, yaani farasi wa kimo kifupi, aliyetelekezwa si ugonjwa wake, ni umiliki. Kituo cha kuhifadhi farasi kinaweza kumpokea aliye chongo, kilema au anayemeza kidonge kila siku. Hakiwezi kupokea mali ya watu. Kumkuta amefungwa uwanjani kwako, au kumlisha mwezi mzima, hakukupi haki ya kumgawa. Na mwenyewe, ambaye hakuonekana poni alipokuwa mifupa mitupu, ana tabia ya kuibuka akishanawiri.

Kwa hiyo anza na taarifa, polisi au kwa mamlaka ya mifugo, kwa kadiri ya sheria ya mahali alipopatikana. Taja mahali, rangi, jinsia, mabaka ya usoni na miguuni, na kimo begani, pamoja na picha za pande zote nne. Usiondoke bila namba, tarehe na muhuri. Afisa wa zamu atasema "tutakupigia", na huenda ana nia kweli, ila anayeingia zamu ya jioni hatajua lolote. Siku za kumngoja mwenyewe hutofautiana nchi na nchi, na utakapodai kwamba zimetimia utaulizwa zilianza lini. Jibu ni ule muhuri.

Inayofuata ni chipu, kidude chenye namba kinachowekwa ndani ya mwili wa mnyama na kusomwa kwa skana, na hapa ndipo muda unapoyeyuka. Chipu ya kawaida ina tarakimu 15 na huwekwa upande wa kushoto wa shingo, katikati ya utosi na bega, chini kidogo ya singa. Hiyo ni kanuni. Wapo waliowekewa kulia, na zipo skana ambazo betri yake imechoka kuliko anayeishika. Omba pande zote mbili zipitishwe polepole. Akikosa chipu, daktari wa mifugo aandike hivyo na kutia sahihi, kwa sababu "hana" ya mdomo haikubaliki dirisha la pili. Ikisomeka, namba yenyewe haitaji mtu. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi, au mtengenezaji zikianza na 9, na kutoka hapo unatafuta rejista inayohusika. Jina utakalopewa mara nyingi ni la aliyemuuza zamani bila kubadilisha usajili. Usimwache hivi hivi: mwombe maandishi ya alimuuza nani na lini. Mwenyewe halisi akipatikana na kusema hamtaki, asaini hati ya kuachia umiliki palepale, mbele ya shahidi. "Nitaleta kesho" ndiyo mwanzo wa faili lisilofungwa.

Wakati siku zinahesabika, poni anahitaji huduma, lakini si kila kipimo. Vipimo vya damu vinavyodaiwa kwa ajili ya safari, kama kile cha Coggins cha upungufu wa damu wa kuambukiza, huwa na muda wa kuisha. Ukipima kabla ya hati ya umiliki kutoka, utalipa mara mbili. Vya kufanya sasa ni vichache. Mtenge na farasi wengine wiki tatu, kwa ndoo na vifaa vyake mwenyewe, na mpime joto asubuhi na jioni: la kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Katika ule ugonjwa wa majipu ya koo, homa hutangulia siku moja au mbili kabla hajaanza kuambukiza, kwa hiyo kipimajoto kinakupa nafasi ambayo macho hayakupi.

Aliyekonda sana asipewe nafaka. Mwanzoni apewe nyasi kavu, takriban nusu kilo kila saa nne, akiongezewa taratibu chini ya uangalizi wa daktari. Shibe ya ghafla huvuruga chumvi za damu na kuua. Dawa ya minyoo yenye moksidektini si ya mnyama dhaifu. Kwa mnene anayechechemea, kosa ni kinyume chake: watu humnyima chakula kabisa, na poni mnene akifunga, mafuta hujaa kwenye damu na ini kushindwa. Kadiria uzito hivi: mzingo wa kifua kwa sentimita, mara mzingo tena, mara urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,877. Mzingo wa 150 na urefu wa 130 hutoa kilo 246 hivi. Asilimia 1.5 yake, kilo 3.7 za nyasi kavu, ndiyo ya siku.

Hati ya umiliki ikitoka, lipia ripoti kamili: hali ya mwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, meno, macho, moyo, na eksirei ya ubavuni ya kwato zote mbili za mbele. Kwa mzee mwenye manyoya marefu yasiyopukutika, ongeza kipimo cha ACTH, homoni inayopimwa kwenye damu kutafuta ugonjwa wa Cushing, ambao huvuruga homoni za farasi wazee. Tarehe ya kuchukua damu iandikwe, maana kiwango hicho hupanda chenyewe majira yanapoelekea vuli ya nchi za baridi, majani yanapopukutika. Akikutwa na ugonjwa huo, dawa yake, pagolaidi (pergolide), ni ya kila siku, maisha yake yote.

Fomu ya maombi ni rahisi isipokuwa kipengele cha matumizi. Andika "wa kukaa tu, hapandwi". Ukiandika "labda mtoto mwepesi", utapata simu nyingi na poni atarudishwa akiwa kilema zaidi. Ugonjwa utaje pamoja na dawa, kipimo chake na fundi wa kwato anatakiwa kila baada ya wiki ngapi. Mkataba useme nani analipa daktari, kwamba hauzwi wala kuzalishwa, arudishwe wapi makao yakishindikana, na nani anaamua akifikia hatua ya kulazwa asiamke. Kipengele hiki cha mwisho watu hukiruka kwa haya, kisha daktari husimama zizini saa nane usiku akiuliza nani atasaini.

Kibali cha kusafirisha kiombwe mwisho, gari likishapatikana. Baada ya makabidhiano, fuatilia mwenyewe usajili wa chipu uhamie kwa mpokeaji. Mfumo hautahama kwa hiari. Kabla haujahama, poni akitoroka, simu inakujia wewe.