Tera ipi umpe Pokémon wako? Anza na kinachomuua

Katika michezo ya video ya Pokémon Scarlet na Violet, kila Pokémon ana aina zake za kuzaliwa, moja au mbili kati ya 18, na juu yake ana aina ya Tera, ambayo ikiwashwa huchukua nafasi ya zile za kuzaliwa katika kujilinda. Tera huwashwa mara moja tu kwa pambano, na ni mmoja tu kwenye timu anayeipata. Wachezaji wengi huichagua kwa kutamani mapigo makubwa. Afadhali uanzie upande wa pili: andika kwanza kinachomuua Pokémon wako.

Mchukue Dragonite, mwenye aina ya Joka na Anga. Barafu humpiga mara 4. Mwamba, Joka na Kichimbakazi (Fairy) humpiga mara 2. Chuma hupokea zote nne kwa nusu, kwa hiyo Tera ya Chuma inaonekana imemaliza kazi. Haijamaliza. Tera ikishawaka, kinga za aina za kuzaliwa hufutika zote. Ardhi, ambayo ilikuwa haimgusi kabisa, sasa inampiga mara 2. Moto na Mapigano, alivyokuwa akivipokea kwa nusu, navyo vinapanda hadi mara 2, yaani maumivu yameongezeka mara nne. Ukimwashia Tera mbele ya adui mwenye Earthquake, pigo la Ardhi, umemchimbia kaburi mwenyewe.

Basi chora safu mbili: unachokikwepa na unachokikaribisha. Kisha tazama ni kipi unakutana nacho zaidi katika ngazi unayochezea. Udhaifu wa mara 4 ambao hakuna anayeutumia haustahili kupotezewa Tera.

Upande wa mashambulizi ni hesabu tu. Pigo lenye aina sawa na ya Pokémon mwenyewe huzidishwa kwa 1.5, wachezaji huita STAB. Tera ikiwa sawa na aina ya kuzaliwa, kizidishi hupanda hadi 2. Make It Rain, pigo la Chuma la Gholdengo ambaye naye ni wa Chuma, lenye nguvu 120, hutoka 180 hadi 240 akiwa na Tera ya Chuma: nyongeza ya theluthi. Tera ikiwa aina mpya, aina hiyo hupata 1.5 na zile za kuzaliwa hubaki na 1.5 yao. Ndiyo maana Dragonite hupewa Tera ya aina ya Kawaida (Normal): Extreme Speed, pigo la aina hiyo la nguvu 80, inakuwa 120, nyongeza ya nusu, na inabaki pigo linalotangulia. Kwa hiyo kama Pokémon wako ana pigo zito lisilo na STAB, Tera ya aina ya pigo hilo huliongezea zaidi kuliko Tera ya aina ya kuzaliwa inavyoliongezea pigo lenye STAB tayari.

Pigo la Tera Blast lina mtego. Hubeba aina ya Tera pale tu Tera inapowaka. Kabla ya hapo ni pigo la Kawaida la nguvu 80. Siku ukimpa mwenzake Tera, nafasi moja kati ya nne za mapigo imekwenda bure. Iweke tu kama hakuna pigo jingine linaloziba pengo hilo.

Zipo pia kinga ndogo zinazosahaulika, hasa kwenye mapambano ya wawili kwa wawili. Nyasi haidhuriwi na unga wa Spore, unaolaza usingizi. Mzuka haupatwi na Fake Out, pigo linalomkosesha adui zamu, kwa kuwa ni la aina ya Kawaida. Giza hukataa mapigo ya hila (yasiyojeruhi moja kwa moja) yanayorushwa na adui mwenye Prankster, uwezo unaoyatanguliza mapigo hayo.

Kwenye timu ya 6, wawili au watatu wawe ndio wanaoitaka Tera kweli. Waliobaki wape ya kujilinda. Katika mashindano rasmi ya ana kwa ana, mpinzani husoma aina zako za Tera kwenye karatasi ya timu, hivyo usitegemee kumshtukiza. Chagua inayofanya kazi hata akiijua.

Kubadili aina ndani ya mchezo hufanyika kwenye mgahawa wa Treasure Eatery mjini Medali, kwa vipande 50 vya Tera vya aina unayoitaka. Stellar, aina maalumu ya Tera iliyo nje ya zile 18, inadai 80. Kwa zile 18, raidi za Tera za aina hiyohiyo, yaani mapambano ya kikundi dhidi ya Pokémon mmoja, ni njia kuu ya kuvikusanya, na huchukua muda. Jaribu kwanza kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya kuiga mapambano, ambako kubadili Tera ni kubofya tu.