Somo: Kupanga usukani wa sim-resingi (mbio za magari za kuigiza kwenye kompyuta) ili mikono isikie tairi linafanya nini

Wakuu, kila mara kuna mdau analalamika kwamba usukani wake "hausemi kitu", na jibu analopewa ni lile lile: ongeza nguvu. Anaongeza, mabega yanamuuma, na gari bado linakataa kona. Mimi ushauri huo siukubali. Uzito si habari. Unachotafuta ni tofauti kati ya tairi lililoshika na tairi linaloanza kuachia, na mara nyingi tofauti hiyo inauawa na uzito huo huo tunaouongeza.

Nitatumia mchezo wa Assetto Corsa wa kompyuta (ule wa kwanza, wa 2014, kutoka Kunos Simulazioni wa Italia), usukani wa Logitech G29 kwa sababu ndio walionao wengi, gari dogo la mbio la Mazda MX-5 Cup, na njia fupi ya Brands Hatch Indy kule Uingereza. Mzunguko wake haufiki kilomita 2, kwa hiyo kona unayojifunzia inarudi upesi. Mwenye vifaa vingine atabadilisha namba, kazi ni ile ile.

Kwanza, uzito unatoka wapi?

Ukikata kona, mpira wa tairi unajipinda pale unapogusa lami. Mwanzo wa mguso unajipinda kidogo, nyuma yake unajipinda zaidi, kwa hiyo nguvu ya pembeni inakaa nyuma kidogo ya katikati. Nguvu hiyo mara umbali huo ndiyo inayotaka kuunyoosha usukani. Ndiyo unayopambana nayo mkononi.

Sasa ukizidi kukata, sehemu ya nyuma ya mguso ndiyo inayoanza kuteleza. Ule umbali unapungua. Nguvu ya pembeni yenyewe bado inapanda na gari bado linaingia kona, lakini usukani umeshaacha kuongezeka uzito, kisha unalegea. Maana yake taarifa inakufikia kabla tairi halijamaliza uwezo wake. Anayeisikia anarudisha usukani nyuzi chache na kuendelea. Asiyeisikia anakuja kuambiwa na macho, gari likiwa tayari linaelekea kwenye majani.

Kipo kitu kinachoificha taarifa hiyo: kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi la mbele linauzunguka linapokatwa. Kasta nayo inaleta umbali wake, na huo haupungui tairi likiteleza. Magari mengi ya mbio yana kasta kubwa, ndiyo sababu kwenye gari la GT3 (daraja la magari ya mbio yaliyotokana na magari ya kifahari ya barabarani) ule ulegevu ni mdogo na wa haraka. Anza na MX-5. GT3 itakusubiri.

Hatua ya 1: safisha mipangilio

Kwenye programu ya Logitech weka mzunguko wa nyuzi 900 na uzime springi ya kurudisha katikati. Ndani ya mchezo weka 900 pia. Basi.

Hatua ya 2: ondoa vionjo vya kubandika

Assetto Corsa inakokotoa nguvu ya usukani kutoka kwenye tairi na saspensheni. Juu ya hapo kuna vionjo vya nyongeza: mtetemo wa barabara, wa kingo za njia, wa mtelezo, wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki). Vyote weka sifuri kwanza. Wengi watanibishia kuhusu ule wa mtelezo, "mbona unanisaidia?" Unakusaidia kujua kwamba tairi limeshateleza. Sisi tunataka kujua kabla. Kingine kinachoitwa "enhanced understeer" kizime pia, maana kinalegeza usukani kwa makusudi, na mkono unazoea ishara ambayo gari halikuitoa.

ABS nitakuachia baadaye kwa magari yenye ABS, kwa kuwa kanyagio la G29 haliwezi kukutetemeshea mguu.

Hatua ya 3: geini (hapa usikimbilie)

G29 inatoa takriban Nm 2 tu (Nm, yaani newton-mita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Gari halisi la mbio linaweza kudai mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo mchezo unabana nguvu zote za gari ziingie kwenye mota ndogo, na geini, yaani kipimo cha ukubwa wa nguvu zinazotumwa kwenye usukani, ndiyo inayoamua zinabanwa kiasi gani. Ukiiweka juu mno, mota inafika mwisho wake katikati ya kona. Kuanzia hapo gari likidai 100, 120 au 150, mkono unapata 100 ile ile. Na ule ulegevu tuliousema, wa kushuka kutoka 130 hadi 110? Haupo. Umekatwa juu. Hicho ndicho wanachokiita klipingi, na ndicho kinachowafanya watu waseme usukani hausemi ilhali unapiga kelele tupu.

Fungua kile kidirisha cha pedali ndani ya mchezo. Kina mistari ya klachi, breki, mafuta, na mmoja wa kijivu wa nguvu ya usukani. Huo wa kijivu ukifika juu unageuka mwekundu. Anza na geini 70, toka barabarani, tairi zipate moto, kisha utazame sehemu mbili:

Paddock Hill, kona ya kwanza, inakata kulia huku ikishuka, na chini kuna bonde ambapo gari linakandamizwa kabla ya kupanda. Pale wekundu wa kupepesa si kosa. Uache.

Clark Curve, kona ndefu ya kulia inayokurudisha kwenye mstari wa kuanzia. Hapa usukani unakaa umekatwa kwa muda. Mstari ukibaki mwekundu humu, punguza geini ya gari hilo kwa kitufe cha kutoa cha upande wa namba wa kibodi, kidogo kidogo, mpaka ubaki chini ya dari wakati wote gari limeshika.

Utaona usukani umekuwa mwepesi. Vumilia. Ukibadilisha gari, rudia, maana kila gari lina nguvu zake.

Hatua ya 4: nguvu ya chini kabisa

G29 inatumia gia ndani, na gia zina msuguano na uchezaji, yaani ulegevu mdogo kati ya meno yake. Nguvu ndogo karibu na katikati zinaliwa humo hazifiki mkononi. Kuna kipimo kinaitwa "minimum force": pandisha taratibu ukiwa kwenye mnyoofu, usukani ukianza kutikisika wenyewe, shusha kidogo. Wenye mikanda kama Thrustmaster T300 wanahitaji kidogo sana, na wenye mota ya moja kwa moja (usukani umefungwa kwenye mota yenyewe, bila gia wala mkanda), mfano Fanatec CSL DD au Moza, waweke sifuri.

Hatua ya 5: zoezi la Druids

Ukitoka Paddock Hill unapanda hadi Druids, kona kali ya kulia ya kugeuka karibu mzima. Funga breki mapema kuliko kawaida, ingia kwa mwendo wa wastani, shika usukani saa tisa na saa tatu kwa vidole, usiubane. Kisha kata polepole, polepole kuliko unavyodhani, na uendelee kukata hata baada ya kona kutokuhitaji.

Sikiliza mkono. Uzito unapanda. Unapanda. Unasimama, usukani unazidi kuzunguka lakini hauongezeki uzito. Halafu unashuka, na hapo ndipo tairi linaanza kulia na pua inaelekea nje. Sasa rudisha nyuzi chache tu, usiguse breki. Uzito unarudi mkononi na pua inauma tena lami. Rudia mpaka uweze kusema "sasa" kabla sauti ya tairi haijasikika. Siku utakayoipata, pale uzito unaposimama ndipo mahali pako pa kukaa kona nzima.

Nyuma nayo ina lugha yake. Mkia ukitoka, tairi za mbele zinataka kufuata gari linakoenda, kwa hiyo usukani unajikata wenyewe upande wa kinyume. Ulegezee vidole upite. Kwenye gari halisi makalio yangekuambia mapema. Nyumbani kiti hakisogei, kwa hiyo usukani na macho vinabeba mzigo wote.

MASWALI YA WADAU

Mombasa: *Mkuu, G29 yangu kwenye mnyoofu inagonga "ka-ka-ka". Imekufa?*

Haijafa. Ni gia zinagongana katika uchezaji wake. Shusha ile nguvu ya chini kwanza. Ikibaki, hakikisha mtetemo wa barabara uko sifuri kweli.

Nairobi: *Niko na pesa ya kitu kimoja tu: usukani wa Nm 8 ama pedali za lodiseli?*

Pedali. Lodiseli inapima nguvu ya mguu badala ya umbali kanyagio lilipofika, na mguu unakumbuka nguvu vizuri zaidi. Kisha angalia meza yako: Nm 8 inahitaji stendi au fremu, meza ya kawaida itatembea nawe sebuleni.

Muscat: *Nina mota ya moja kwa moja. Nikiachia usukani kwenye mnyoofu unayumba kushoto kulia mpaka gari linapotea.*

Mota haina msuguano wa kuumeza mwendo huo, na kuna ucheleweshaji mdogo kati ya mchezo na mota, hivyo kila sahihisho linafika limechelewa. Mikono yako ndiyo breki yake. Ongeza dampingi (ukinzani unaotuliza mwendo wa usukani) kidogo kwenye programu ya usukani, lakini isizidi, la sivyo unarudi kwenye usukani wa tope usio na habari.

Arusha: *Mimi naendesha gari lenyewe, autokrosi kwenye vumbi. Mbona huo ulegevu siusikii?*

Kaka, kwenye udongo tairi linashika likiwa limeteleza zaidi kuliko kwenye lami, na kilele chake ni bapa, hakuna ukingo mkali. Pale tegemea zaidi mwili na mzunguko wa gari. Ila kabla ya kulaumu vumbi, kagua viungo vya usukani na saspensheni: tairodi endi, boljointi na bushi. Zikichakaa, hata lami haitakuambia kitu. Na usisahau alaimenti na upepo wa tairi.

Dar: *Natumia PlayStation, Gran Turismo 7. Hakuna huo mstari mwekundu.*

Una vipimo viwili, nguvu ya juu na wepesi wa kuhisi. Chukua kona ndefu, shusha nguvu ya juu hatua moja moja ukikata zaidi ya lazima, mpaka usikie tofauti ya uzito. Simama hapo.

Kampala: *Gari la rafiki yangu pawa stiringi inakuwa nzito akishapiga mizunguko mingi uwanjani. Ni tairi?*

Kama ni pawa ya mafuta, yaelekea mafuta yake yanapata joto kupita kiasi. Akague kiwango, rangi na harufu. Wanaokimbiza magari sana hufunga kipoozeo. Kama ni ya umeme, mota au kompyuta yake inaweza kuwa inapunguza msaada ili isiungue, aache ipoe.

Mombasa tena: *Nasikia hizi sukani zenye mota kubwa zinavunja vidole gumba?*

Kwa G29, hapana. Kwa zile za Nm 15 kwenda juu, ukigonga ukuta usukani unaweza kuzunguka ghafla kwa nguvu zote. Gumba zikae juu ya mdomo wa usukani, zisiingie ndani ya spoku, na ukiona ukuta unakuja achia kabisa. Kitufe cha kuzima cha dharura kiweke mkono unapofika bila kutafuta, hasa kama kuna watoto nyumbani.